Njia ya Pwani na Kalamu ya Msafiri

Msomaji, huenda nawe umekwisha kuandika insha ya safari ya pwani. Ikiwa hujaiandika, utaiandika, kwa maana ni vigumu kumaliza shule katika nchi yetu bila ya kuamriwa siku moja na mwalimu kueleza safari uliyoifurahia. Mimi ni mwalimu, na insha za namna hiyo nimezisoma kwa mamia, hata nimezizoea kama mtu azoeavyo sauti za jirani zake. Gari huondoka Mombasa alfajiri. Jua huchomoza kama sinia la dhahabu. Minazi huwapungia wasafiri mikono, upepo mwanana hubembeleza nyuso zao, na bahari hutandaa kama zulia la buluu. Jioni wasafiri hurudi nyumbani wamechoka, lakini wana furaha isiyo kifani.

Sentensi hizi hazina kosa la sarufi. Zaidi ya hayo, zina utamu fulani masikioni, na mimi mwenyewe nimepata kuzipa alama nyingi. Lakini zina ila moja kubwa: zingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakutoka nyumbani kwake. Katika kurasa hizi nataka tuzipime habari za safari ya njia hii, mimi na wewe, kwa mizani ya haki. Tutawaita mashahidi wawili wa kale waliofika pwani yetu kwa vyombo vya bahari, na shahidi mmoja wa siku zetu, ambaye ni mwanafunzi kama wewe. Swali letu ni moja tu: habari ya safari iliyo njema hujulikana kwa alama gani?

Kwanza tuijue njia yenyewe. Huanza katika kisiwa cha Mombasa, huvuka Daraja la Nyali, hupita Kengeleni, Bamburi, Mtwapa, Vipingo, Kilifi na Gede, kisha hufika Malindi. Ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Kwa aendaye Malindi, bahari iko upande wa mkono wa kulia. Lakini hapa pana jambo ambalo kila aliyeipita njia hii kwa macho mafumbuko analijua: sehemu iliyo kubwa ya barabara iko mbali kidogo na ufuo, na bahari haionekani. Huonekana maji pale barabara inapovuka hori, kama vile Mtwapa na Kilifi, kisha yakajificha tena nyuma ya miti, mashamba na nyumba. Basi, mwanafunzi aandikaye kwamba aliitazama bahari njia nzima, kutoka Nyali hata Malindi, hakuandika alichokiona. Aliandika alichokisoma katika insha ya mwenziwe, ambaye naye alikisoma kwa mwingine.

Wahenga walisema, «Tembea uone.» Nijuavyo mimi hawakusema kwamba kila atembeaye huona. Kutembea ni kazi ya miguu, au siku hizi ya magurudumu. Kuona ni kazi ya akili.

Sasa tumwite shahidi wa kwanza. Mwaka 1331 alifika pwani hii Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco. Alikuwa amepita Mogadishu, na alikuwa akienda Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Tuna mithali isemayo, «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.» Mgeni huyu hakufikia hata siku ya pili, kwa hiyo jembe hakulishika. Tungemsamehe lau angaliandika kwamba mji ulikuwa mzuri na watu wake wakarimu, akaendelea na safari yake. Lakini tazama aliyoyaweka katika habari zake. Anasema kwamba watu wa Mombasa hawakulima nafaka kisiwani, bali waliletewa kutoka nchi ya Sawahil. Kwamba chakula chao kilikuwa ndizi na samaki zaidi. Kwamba misikiti yao ilijengwa kwa miti, na kazi yake ilikuwa madhubuti. Anasema kwamba kwenye mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina cha dhiraa moja au mbili, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa. Anasema pia kwamba watu walikwenda miguu mitupu, na kila aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu yake, akaipangusa juu ya kipande cha mkeka mzito kilichowekwa mlangoni.

Msomaji, tafakari juu ya kipande hicho cha mkeka. Karibu miaka mia saba imepita. Miti ya misikiti ile imeoza, na visima vile hatuvijui vilipokuwa. Lakini mkeka ule ungali pale mlangoni, na tunaweza kuikanyaga mikwaruzo yake kwa nyayo zetu wenyewe. Ni nini kilichouhifadhi? Si maneno ya fahari, kwa maana hakuna hata moja. Umehifadhiwa na mtu aliyetazama chini, akaona jambo dogo, akaliuliza maana yake, na akaliona lastahili kukumbukwa. Yafaa ujue pia kwamba habari za safari zake zilikamilishwa kuandikwa mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baada ya usiku ule mmoja. Huenda alisahau mengi katika miaka hiyo. Mkeka hakuusahau.

Sisemi kwamba shahidi huyu hana kosa. Anadai kwamba kati ya kisiwa cha Mombasa na nchi ya Sawahil pana mwendo wa siku mbili baharini. Aliyepata kuvuka Daraja la Nyali kwa miguu anajua kwamba bara iko karibu mno na kisiwa, hata mtu huweza kumwona mwenziwe ng'ambo ya pili. Wataalamu wamelifafanua neno lake kwa njia mbalimbali, na kazi hiyo tuwaachie. Kwetu sisi fundisho ni kwamba msafiri mkweli naye huweza kukosea. Tofauti yake na mwongo ni hii: mkweli hutupa mambo yaliyo wazi ambayo twaweza kuyapima, na tukayasahihisha. Zulia la buluu halipimiki wala halisahihishiki, kwa sababu halikusema neno lolote la kweli wala la uwongo.

Shahidi wa pili ni Mreno mmoja aliyekuwa katika msafara wa Vasco da Gama. Jina lake halikutiwa katika kitabu chake, ingawa wengi humdhani kuwa Álvaro Velho. Merikebu zao zilifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498. Hapo wakawashuku wenyeji, na wenyeji wakawashuku wao. Baada ya siku chache wakatweka kwenda Malindi, ambako mfalme aliwapokea kwa wema, na ambako walimpata rubani wa kuwavusha mpaka Bara Hindi. Mwandishi huyu anasifu nyumba za Malindi: ndefu, zimepakwa chokaa, zina madirisha mengi. Anataja mashamba ya minazi upande wa bara, na nafaka na mboga zilizolimwa kuuzunguka mji. Haya ni mambo mema, na tunamshukuru kwa hayo. Kisha, ili wasomaji wake wauelewe mji, anaufananisha na Alcochete, mji wa kwao Ureno.

Je, ni kosa kufananisha kitu kigeni na kitu cha kwenu? La, si kosa. Kila msafiri hulazimika kufanya hivyo, kwa kuwa hana kipimo kingine ila kile alichotoka nacho. Lakini angalia mahali aliposimama alipokuwa akitazama. Merikebu zao zilikaa Malindi siku tisa. Mfalme alimwomba Vasco da Gama ashuke nchi kavu, naye akakataa. Wakaonana juu ya maji, kila mmoja katika chombo chake. Mji uliotazamwa kwa mbali namna hiyo huonekana kuta zake na madirisha yake, na haijulikani nani amelala ndani, nani mgonjwa, nani amekula na nani ameshinda na njaa. Nakuomba usimcheke Mreno huyo upesi. Wewe na mimi tupitapo barabara ile katika motokaa iendayo mbio, kioo kimefungwa na muziki unalia, twafanya kama Vasco da Gama alivyofanya: twakaa katika chombo chetu, na nchi twaiacha ufuoni.

Sasa kiko kipimo cha tatu, ambacho si maandishi bali ni ukimya wa maandishi. Karibu kilomita 16 kabla ya kufika Malindi, kando kidogo ya barabara, ndani ya msitu, yako magofu ya Gedi. Huu ulikuwa mji wa mawe wenye kuta, jumba la kifalme, msikiti mkuu, visima na vyoo. Liko kaburi ambalo juu yake imeandikwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuuchimbua mji huo, na katika udongo wake zilipatikana sahani na bakuli za Kichina. Mwaka 2024 Gedi ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini Wareno, waliojua Malindi na kukaa huko katika karne ya 16, hawakuutaja mji huu katika maandishi yao. Ulikuwa hai, watu wake wakila na kuoana na kuzikana, katika mwendo wa nusu siku tu kwa miguu kutoka Malindi. Na kalamu zilizopita karibu nao hazikuuandika. Haukuwa ufuoni. Haukuwa kwenye njia yao.

Hapa ndipo panaponitia hofu, msomaji. Ikiwa mji mzima, wenye kuta na msikiti, uliweza kupotea katika maandishi kwa sababu tu ulikuwa kando ya njia, je, ni watu wangapi walio hai leo wanaopotea katika insha zetu kwa sababu ile ile?

Nitakueleza kisa kimoja, nacho kina aibu yangu ndani yake. Miaka michache iliyopita nilimfundisha msichana mmoja ambaye kwao ni kijiji kilicho karibu na Kilifi. Mwezi wa Julai darasa lilisafiri kwenda Malindi, na waliporudi nikawapa insha. Yake ilikuwa bora kuliko zote. Minazi ilipunga mikono, upepo ulibembeleza, na walipolivuka hori la Kilifi bahari «ililala kimya kama mtoto mchanga». Nikampa alama 17 katika 20, nikaisoma mbele ya wenzake.

Haukupita muda mrefu, babaye akaja shuleni kwa jambo la karo. Ni mvuvi. Aliniomba subira, akasema, «Mwalimu, kusi mwaka huu imekuwa kali. Dau liko juu ya mchanga wiki ya tatu sasa. Hatujaenda baharini.» Nikamwambia hapana neno, tukaagana. Alipokwisha kutoka, neno lake likanirudia. Wiki ya tatu! Basi siku ile ambayo binti yake aliandika kwamba bahari ililala kama mtoto mchanga, bahari hiyo hiyo ilikuwa imemfukuza babaye kazini, na ilikuwa imetishia kumfukuza yeye mwenyewe shuleni.

Nikamwita. Nikamwuliza, «Ulipopita pale darajani, hukujua ya kuwa dau la baba limepandishwa?» Akasema, «Nilijua, Mwalimu.» «Mbona hukuandika?» Akatazama chini, akajibu, «Nilidhani hayo si ya insha.»

Neno hili sijalisahau. Nani alimfundisha kwamba maisha ya kwao si ya insha? Mimi nilimfundisha, kwa zile alama 17. Mvulana wa bara ambaye hajapata kuiona bahari huweza kusamehewa akiiita zulia. Lakini binti wa mvuvi ajua kusi na kaskazi, ajua bamvua na maji mafu, ajua mama zake wanakwenda mwambani saa ngapi kutafuta pweza. Ajua kwamba mnazi haumpungii mtu mkono. Una mwenyewe, una mkwezi, na juu yake hushuka dafu na nazi, na makuti ya kuezekea, na kumbi za kusokotea kamba. Mtoto huyu alikuwa na hazina ambayo Ibn Battuta angalivuka bahari kuitafuta. Sisi tulimfundisha kuiacha mlangoni, akaingia darasani kuazima macho ya mgeni ili aitazame nyumba yake mwenyewe.

Nikamrudishia karatasi, nikamwomba aandike tena juu ya daraja lile tu na mahali panapolizunguka. Insha ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Alieleza jinsi abiria wote walivyogeukia upande wa bahari na kushangilia, naye peke yake akageukia ufuo kutafuta dau la kijani. Aliliona. Alihesabu madau mengine yaliyokuwa pamoja nalo juu ya mchanga, akapata saba. Akaandika kwamba rafiki yake alimwuliza alikuwa akitazama nini, akamjibu, «Hapana kitu.» Hapo ndipo insha ilipokwisha. Minazi haikupunga mikono hata mara moja. Nami nakuambia kwa moyo mweupe kwamba sikujua nimpe alama ngapi, maana mizani niliyokuwa nayo haikutosha.

Najua utaniuliza: je, ni haramu basi kuusifu uzuri? Kuipita njia ile na kusema ni nzuri ni dhambi? La hasha. Njia ile ni nzuri, na asiyeona uzuri wake ana kasoro sawa na yule asiyeona kitu kingine ila huo. Hori la Kilifi wakati wa magharibi humfanya mtu anyamaze. Lakini uzuri ulioandikwa bila ya mtu ndani yake ni kama nyumba iliyopakwa chokaa bila ya mlango: hupendeza kwa mbali, na hakuna awezaye kuingia. Tena, mahali ambapo watu wamezoea kupasoma bila ya wenyewe, huwa rahisi kudhani kwamba hapana wenyewe. Wenyeji wa pwani ambao wamepata kuambiwa wahame katika ardhi waliyozikia babu zao watakueleza vizuri kuliko mimi jambo hilo linafikia wapi.

Basi, utakapoipita njia hii, nakupa ushauri wa mwalimu. Ukifika Kengeleni, uliza ni kengele gani. Utaambiwa habari ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kengele iliyokusudiwa kuwaonya hatari ilipokaribia. James Mbotela, mwana wa mmoja wa watu hao, aliziandika habari zao kwa Kiswahili katika kitabu chake *Uhuru wa Watumwa* cha mwaka 1934. Hakuwa mgeni wa usiku mmoja. Aliandika juu ya watu waliomlea. Ukipita Vipingo na kuona safu za mkonge zimenyoka kama mistari ya daftari, jiulize ni mikono ya nani iliyozinyosha na ni mikono ya nani izikatayo. Ukifika Kilifi, waulize wazee habari za kivuko kilichokuwapo kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Sisemi kivuko kirudi; mgonjwa anayepelekwa hospitali usiku hana haja ya kungoja chombo. Nasema tu kwamba waliongoja walilazimika kutazamana na kuzungumza, na sisi tusiongoja yatupasa kufanya kwa hiari yale waliyoyafanya kwa lazima. Ukifika Gede, kunja mkono wa kulia uingie msituni.

Kisha kaa uandike. Usianze na jua. Anza na kitu kimoja ulichokiona wewe, ambacho jirani yako katika kiti hakukiona. Kikiwa kidogo, usione haya. Mkeka wa mlangoni ulikuwa mdogo. Kikiwa cha kwenu, usikifiche, wala usiseme, «Hapana kitu.» Sema ni dau la baba, ni la kijani, na liko juu ya mchanga wiki ya tatu.